Shangazi Msafiri: “Nataka kwenda Malabar peke yangu, mama hataki kusikia”

SWALI
Shikamoo Shangazi. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, Likoni, nina miaka 33, sijaolewa. Nimeweka akiba miaka 3, na likizo hii ya Desemba nataka kwenda India ya kusini, pwani ya Kerala, siku 14. Rafiki tuliyepanga kwenda naye amejitoa, kwa hiyo nitakuwa peke yangu. Mama hataki kusikia. Anasema mwanamke hatupwi nchi ya watu kama mzigo ulioanguka kwenye lori. Kaka zangu nao wanasema Wahindi hawapendi watu weusi, nitateseka. Siwezi kusema uongo, naogopa kidogo. Lakini pesa ziko na moyo umeshakwenda. Nianzie wapi, nilale wapi, na je, wana haki hawa?
Mwalimu wa Likoni

JIBU
Marahaba, mwanangu. Mimi nilikwenda mara ya kwanza nikiwa na miaka 51, mjane, mwenye wajukuu 2, na kaka yangu mkubwa alininunia wiki nzima. Mara ya pili yeye ndiye aliyenipeleka uwanja wa ndege. Basi naanza na mama yako, maana ukiondoka naye amekunja uso, hata chai ya huko haitakupita kooni.

Mama hakatai Kerala. Anachokataa ni kulala macho hajui mtoto wake yuko wapi. Hilo lina dawa. Chukua karatasi, si simu, karatasi, uandike kila tarehe utalala wapi: jina la nyumba, nambari yake, na treni utakayopanda siku hiyo. Mbandikie mlangoni pa kabati. Siku ya kwanza nunua laini ya huko. Wataitaka pasipoti yako na picha, kwa hiyo nenda duka la kampuni yenyewe au kibanda cha uwanjani, usinunue kwa mtu wa njiani. Kisha mpigie kila siku saa ileile. India iko mbele yetu kwa saa 2 na nusu: wewe ukiwa umeshakula na kufunga mlango saa 2 na nusu usiku, kwake ni saa 12 jioni, ndiyo kwanza anatafuta mswala. Suala la mahram, yaani ndugu wa kiume wa kukusindikiza safarini, kama ndilo linalomkaa moyoni, mketi naye mbele ya sheikh wenu mnayemwamini. Hilo si la gazeti.

Sasa njia. Ukitafuta habari za Kerala utaonyeshwa mashua zenye vyumba kule Alappuzha na mashamba ya chai ya Munnar. Kuzuri, sikatai. Lakini mashua ile hukodiwa nzima. Utalipa bei ya familia kisha ukae peke yako ukitazama minazi, na minazi umeiacha Likoni. Ukiyataka yale maji, panda boti ya abiria ya serikali hapo Alappuzha, uketi na wanafunzi na akina mama wenye vikapu. Nilivyokuelewa lakini, wewe huendi kupumzika, unakwenda kuona. Basi pinda kaskazini. Ingia Kochi, panda treni hadi Kozhikode, halafu Kannur. Siku 4, siku 4, siku 4, na 2 za njiani. Kozhikode na Kannur ndiyo Malabar hasa, na ni jamaa zetu wa upepo: kaskazi iliyokuwa ikileta majahazi yao Mombasa ndiyo hiyo itakayokuwa ikivuma utakapokwenda.

Kochi, lala Fort Kochi, kwenye nyumba za wenyeji zinazopokea wageni. Mwenye nyumba mwanamke akijua hujarudi saa 3 usiku atakupigia simu, mimi nilipigiwa. Asubuhi nenda ukazitazame nyavu za Kichina zikiinuliwa kwa mawe yaliyofungwa kamba. Ukiitwa ukavute kamba, jua kwamba utaombwa pesa, toa kidogo kwa moyo mweupe au usivute. Hapo karibu kuna kanisa la Mtakatifu Francis, ambalo asili yake ni mwaka 1503. Vasco da Gama alipofariki Kochi mwaka 1524 alizikwa humo, hadi mabaki yake yalipochukuliwa kwenda Ureno mwaka 1539. Ndiye huyohuyo ambaye nguzo yake tunayo Malindi. Kaburi limebaki tupu, limezungushiwa uzio.

Upande wa Mattancherry kuna sinagogi la mwaka 1568, na sakafu yake ni ya vigae vyeupe na buluu vya China, vilivyochorwa kwa mkono kimoja kimoja. Jumamosi limefungwa, na Ijumaa hufunga mapema. Jumba la mfalme lililo jirani hufungwa Ijumaa. Hivyo viwili vifanye Alhamisi, umalize.

Lakini kuna mahali ambapo watembeza wageni wengi hawapataji, nami nataka ufike. Huko huko Mattancherry, mtaa wa Mangattumukku, kando ya njia kuna mzimu mdogo, mfano wa ile ya kwetu ya kuwekewa ubani na mawaridi. Wanamwita Kappiri. Sikiliza jina hilo taratibu: ni kafiri, neno ambalo Waarabu waliwaita watu wa bara letu, likapita kwa Wareno, likabaki kinywani mwa watu wa Kochi. Wareno walileta Waafrika utumwani katika mji huu. Hadithi ya mtaani inasema Waholanzi walipouteka mji mwaka 1663, Wareno waliwaua watumwa wao na kuwazika pamoja na mali ndani ya kuta, ili mizimu yao iilinde hadi wenyewe warudi. Hawakurudi. Waliobaki ni hao wa ukutani, na watu wa mtaa, wa dini hii na ile, huwapelekea mishumaa, sigara na pombe ya mnazi.

Nilifika jua likizama. Mwanamke wa makamo, sari ya kazini, mfuko wa mboga mkononi, aliwasha mshumaa kwa kile kipande cha mwenzake kilichokuwa kinakaribia kuisha, akaudondosha nta kwanza, matone 3, akausimika juu yake na kuushika hadi uliposhika. Alipogeuka akaniona. Alinitazama mimi, akautazama ukuta, akanitazama tena. Kisha akasogea kando, akanipisha, kama mtu anavyompisha mwenye maiti. Hatukuwa na lugha. Nilisimama nikawaombea wale watu kwa dini yangu, maana hakuna anayejua walikuwa wana wa nani, wa Msumbiji au wa hapa kwetu. Kanisani nilipita siku ya pili, na sikukaa.

Kwa hiyo kaka zako, mwanangu, sikwambii wamesema uongo. Utakodolewa macho. Nilifuatwa na mlinzi dukani, rafu kwa rafu. Kuna nyumba, sitaitaja, iliyonijibu kwenye simu kuwa chumba kipo, na niliposimama mlangoni chumba hakipo. Hayo yapo na yanauma, na huna wajibu wa kuyacheka. Lakini ukifika Kozhikode mambo hubadilika kidogo, kwa sababu ya mpira. Huko Malabar wana ligi za wachezaji 7 kwa 7, mashamba ya mpunga yakishavunwa viwanja hujaa, na timu huajiri wachezaji kutoka Nigeria, Ghana, Liberia, Ivory Coast. Wenyeji huwaita wote Sudani, watoke wasitoke Sudan. Vijana watakuuliza, “Sudani?” Mimi niliwajibu, “Kenya, Mombasa,” na muuza matunda mmoja akamwita mwanawe aje amwone mtu wa Mombasa. Ukiombwa picha na mwanamke au familia, ukipenda kubali. Ukiombwa na vijana wa kiume watatu pamoja, kataa, tena usicheke ukikataa.

Kozhikode nenda Kuttichira. Ni mtaa wa zamani wenye bwawa kubwa la mraba katikati, na kando yake msikiti wa Mishkal. Aliyeujenga, karne ya 14, alikuwa mwenye meli, Nakhuda Mishkal. Ndiyo nahodha, neno letu hilohilo. Usitafute mnara, ni ghorofa za mbao, na paa la vigae limeshuka tabaka juu ya tabaka. Wareno waliuchoma Januari 1510 walipoushambulia mji, na wenyeji watakuonyesha juu kule palipoungua. Wanawake katika misikiti mingi ya zamani ya hapo hawaingii, kwa hiyo utautazama kwa nje. Ukitaka kuswali uliza mwanamke akuelekeze msikiti wenye upande wa wanawake, ipo. Nyumba zinazolizunguka bwawa ni za ukoo wa kike: binti haondoki kwao, mume ndiye anayeingia kwa mkewe, kama majumba ya Lamu ya zamani. Nilikuwa nimekaa ukingoni mwa bwawa, mzee mmoja mwenye shuka jeupe akapita, akarudi, akasema, “Habari yako, mama?” Nusura nianguke majini. Alikuwa amefanya kazi Maskati miaka 20 na Waomani waliotoka Unguja, na Kiswahili alichobakisha kilikuwa cha salamu na cha kutia kahawa.

Kula hakutakupa taabu. Nyama halali imejaa. Pathiri ni mkate mwembamba wa unga wa mchele, mweupe kama karatasi. Apamu ni vibibi vyetu, isipokuwa kingo zao ni nyembamba na zimekauka vizuri. Strungi yenye ndimu wanaiita sulaimani. Kitu kimoja kitakachokushtua: ukiketi hotelini utaletewa bilauri ya maji ya rangi ya waridi, tena ya vuguvugu. Mimi niliisukuma pembeni, nikidhani wameoshea kitu. Yule kijana wa kuhudumu akaenda jikoni akaniletea kiganjani vipande vyekundu vya mti, kama vumbi la randa ya fundi seremala, akanionyesha sufuria inayochemka. Wanaita pathimugam. Ni maji yaliyochemshwa, na ndiyo salama kuliko ya jagi. Nilikunywa bilauri 3 siku hiyo.

Kannur ndiko nilikokusudia tangu mwanzo. Mimi nimezaliwa Kibokoni, utotoni tukicheza chini ya ukuta wa Fort Jesus. Wareno walikuja na Francisco de Almeida mwaka 1505: Julai wakaiteka Kilwa, Agosti wakaipora na kuichoma Mombasa, kisha meli zilezile zikavuka bahari, na Oktoba wakaanza kujenga ngome Kannur, St. Angelo. Nilikuwa nikiyajua haya shuleni kama tarehe. Kusimama pale ni jambo jingine. Ngome ni ya mawe mekundu yenye vitundu, si matumbawe kama ya kwetu, na ukuta wake unaangalia ghuba ndogo iliyojaa mashua za wavuvi. Niliweka kiganja kwenye lile jiwe, lilikuwa na joto la jua la alasiri, nikawaza: mikono iliyobeba moto Mombasa Agosti ndiyo iliyopanga mawe haya Oktoba. Miezi 2 tu. Hawakupumzika.

Karibu na ngome, Ayikkara, kuna makumbusho ya Arakkal, ukoo pekee wa kifalme wa Kiislamu wa Kerala. Mkubwa wa ukoo ndiye aliyeshika utawala, awe mwanamume au mwanamke, na akiwa mwanamke aliitwa Bibi. Wametawala Mabibi kadha wa kadha. Mwambie mama yako hilo.

Kama una bahati, Kannur utaona theyyam, ibada ya usiku ambamo mtu huvikwa taji kubwa na kupakwa rangi hadi akawa mungu mbele ya watu wake. Msimu wake huanza Oktoba au Novemba hadi Mei, kwa hiyo Desemba umo. Mwenye nyumba yako atajua ni wapi usiku huo. Usiende na tuktuk ya kuokota. Nenda na dereva atakayekupa mwenye nyumba, na akungoje hapohapo.

Treni: Kochi hadi Kozhikode ni kama saa 4, Kozhikode hadi Kannur si zaidi ya 2. Safiri mchana, ukae dirishani upande wa bahari. Tiketi hufunguliwa siku 60 kabla, nawe Desemba utagombania viti na mahujaji wa hekalu la Sabarimala na watu wa Krismasi, basi kata mapema. Tiketi ya mtandaoni ikibaki kwenye orodha ya kungojea hadi siku ya safari, hujifuta yenyewe na huruhusiwi kupanda, usije ukabishana na mkaguzi. Kwenye basi za mjini viti vya mbele ni vya wanawake. Kaa mbele. Mtu akikugusa, paza sauti kwa Kiswahili hivyo hivyo. Basi zima litajua umesema nini. Nambari za kushika kichwani ni 112 ya dharura, 181 ya wanawake, na 139 ya reli. Mwanamke ukitaka kumwita kwa heshima, mwite chechi, dada mkubwa, utaona anavyogeuka.

Malazi, hapa nisikilize vizuri. Kila anayepokea mgeni wa nje ni lazima apeleke taarifa zake serikalini ndani ya saa 24, wengi wameizoea kwa jina la Fomu C. Nyumba ndogo ndogo ambazo hazina utaratibu huo hukukataa hata kama umeshalipa. Yalinikuta katika mji mmoja mdogo, saa 3 usiku, mvua inanyesha, mwenye nyumba akinirudishia pasipoti kwa ncha za vidole. Nilirudi stesheni nikakaa chumba cha kungojea cha wanawake, nimejitanda leso, hadi mwanamke mmoja muuguzi aliyekuwa akingoja treni ya usiku akampigia dada yake mwenye nyumba ya wageni iliyosajiliwa. Tangu hapo kabla ya kulipa huandika swali moja: mnapokea pasipoti ya Kenya, na mnajaza Fomu C? Jibu lisipokuwa ndiyo, sihangaiki nao.

Nguo, vaa dera lako na mtandio, hakuna atakayekushangaa. Leso chukua 2. Ya kwanza ni shuka la treni, taulo, na pazia. Ya pili utaitoa zawadi, na utajua mwenyewe ni kwa nani.

Karatasi: viza ombeni kwenye tovuti ya serikali ya India yenyewe, inayoishia gov.in, maana zipo za matapeli zinazofanana nayo. Na kadi ya chanjo ya homa ya manjano, ile ya njano, uchanjwe siku 10 kabla ya safari au zaidi. India hawana mchezo na hilo kwa mtu anayetoka Kenya. Bila kadi wanaweza kukuweka karantini hadi siku 6. Iweke ndani ya pasipoti, usiitie kwenye begi kubwa.

SWALI
Assalaam alaykum Shangazi. Mimi niko Maskati, nafanya kazi hospitali. Nimeona tiketi za Kozhikode mwezi wa Julai ni rahisi ajabu, na likizo yangu ndiyo hiyo. Nami nitakuwa peke yangu. Nikate?
Mwana wa Unguja, Maskati

JIBU
Waalaykum salaam, mwanangu. Ni rahisi kwa sababu ni kusi. Mvua inayowafurahisha watu wa Salalah, huko huko Oman, kwa kunyunyiza, ndiyo inayoipiga Kerala kuanzia mwanzoni mwa Juni, wala huko hainyunyizi. Theyyam hakuna. Bahari hairuhusu mtu kuoga. Meli za kukokota nyavu hupigwa marufuku siku 52 hadi tarehe 31 Julai ili samaki wazae, kwa hiyo wengi utakaowala watakuwa wa mashua ndogo.

Wazee wetu waliujua upepo huu. Vasco da Gama aliondoka Malindi tarehe 24 Aprili 1498 na rubani aliyepewa na mfalme wa Malindi, na kusi ikamvusha kwa muda wa kama wiki 3 tu hadi pwani ya Kozhikode; Kappad kuna nguzo ya kumbukumbu. Kurudi hakuungoja upepo ugeuke. Aliingia bahari kuu mwanzo wa Oktoba akafika upande wetu Januari, karibu miezi 3, na watu wake wengi wakamfia njiani.

Wewe una ndege, huna haja ya kufa. Kama Julai ndiyo pekee uliyo nayo, kata, lakini usiende kutafuta ufuko. Kaa Kozhikode mjini, na siku ambayo mvua itapungua nenda Beypore, kilomita 10 hivi kusini, kwenye gati za uru. Ni majahazi makubwa ya mbao ambayo mafundi wake huyajenga bila mchoro, vipimo vyote viko kichwani mwa fundi mkuu, na mengi yamejengwa kwa wateja wa Ghuba. Omba ruhusa kwa msimamizi. Ukiruhusiwa, kaa chini ya ubavu wa chombo, kwenye vumbi la mbao, usikilize nyundo. Mimi nilikaa pale tangu saa 4 hadi adhana ya Adhuhuri, na kibandani mafundi walinimiminia sulaimani bila kuniuliza ninatoka wapi.